Je, wajua kwa nini injini za ndege za Wajerumani zilifungwa kichwa chini?

Ukipata picha ya Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani ya miaka ya 1930, tazama ekzosi zake. Zimejipanga chini, ubavuni mwa pua. Kwenye Spitfire ya Waingereza ziko juu zaidi. Injini zote mbili zina silinda 12 katika mistari miwili yenye umbo la V, ila ya Mjerumani imepinduliwa: krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, iko juu, pistoni zinaning'inia, na plagi zinatazama ardhini.

Sababu kubwa ni macho ya rubani. V iliyosimama ni pana juu, pale pale rubani anapotaka kuchungulia mbele. Ukiipindua, upana unashuka na pua inachongoka kwa juu. Moto wa ekzosi nao haumpigi machoni usiku. Fundi pia anapata nafuu, maana plagi na vali anazifikia akiwa amesimama chini. Wengine husema shabaha ilikuwa kupitisha mzinga katikati ya propela. Hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa Wafaransa wa Hispano-Suiza walipitisha wa kwao kwenye injini iliyosimama. Wala Wajerumani hawakuwa peke yao: Tiger Moth ya Waingereza, ndege ndogo ya mafunzo, nayo ilikuwa na injini iliyopinduliwa.

Ila Wajerumani ndio walioushikilia mtindo huu kwenye injini kubwa za vita, na walikuwa wakianza karibu upya. Mkataba wa Versailles wa 1919, baada ya kushindwa Vita Kuu ya Kwanza, uliwakataza kuwa na jeshi la anga, na kwa muda hata kuunda injini za ndege. BMW ya Munich, iliyojijengea jina kwa injini iliyohimili hewa nyembamba ya juu, ikageukia breki za treni. Mwaka 1923 ikatoa pikipiki yake ya kwanza, R32, iliyobuniwa na Max Friz, yule yule aliyechora injini ile ya ndege. Masharti yalipolegezwa mwaka 1926 ilikuja BMW VI: V iliyosimama, ya lita karibu 47, imara lakini nzito. Kizazi kilichofuata, Jumo za Junkers na DB 600 na 601 za Daimler-Benz, ndicho kilichopinduliwa. Kikachelewa. Bf 109 ya kwanza kabisa iliruka Mei 1935 kwa injini ya Rolls-Royce Kestrel, tena iliyosimama wima, kwa sababu Jumo 210 ilikuwa bado haijawa tayari!

Gharama ya kupindua ni oili. Injini ikizimwa, oili inateremka taratibu, inapenya kwenye ringi za pistoni na kujikusanya ndani ya silinda. Oili haishindiliki kama hewa. Ukipiga stata pistoni inagonga ukuta, na mkono wake unaweza kupinda. Ndiyo maana, kabla ya kuwasha injini ya aina hii iliyolala muda mrefu, mafundi huzungusha kwanza propela kwa mkono na kusikiliza kama kuna silinda inayokataa. Wabunifu nao walirefusha mdomo wa silinda uchomoze ndani ya boksi la krenki, ili oili ibaki pembeni badala ya kumwagikia ndani.

Upande wa petroli, DB 601 iliachana na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Bosch ya Stuttgart, mji ule ule wa Daimler-Benz, ilikuwa ikitengeneza pampu za nozeli za dizeli tangu 1927, na ujuzi huo ukahamishiwa kwenye petroli: kila silinda ilidungiwa mafuta yake moja kwa moja. Kwangu mimi hili lilikuwa na uzito kuliko kupindua kwenyewe. Vita vilipoanza, rubani wa Bf 109 aliweza kusukuma pua chini ghafla bila injini kustuka. Merlin, injini ya Spitfire, yenye kabureta ya boya, ilikatika pumzi kwa sekunde kadhaa, na Mjerumani akaponyoka. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling aliipunguza shida hiyo kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kilichobana mafuta yasifurike kwenye kabureta.