Racheti ya nyumbani: nguvu yote hupita kwenye meno machache

Racheti nyingi za nyumbani, ile mipini ya kuzungushia soketi, hazifi kwa uzee. Hufa siku moja, kwa kazi moja. Nati ya gurudumu iliyokazwa na fundi pancha kwa mashine ya upepo inagoma, mwenye gari anachomeka bomba kwenye mpini wa racheti aongeze urefu, anakanyaga, "tak!", na kuanzia hapo racheti inazunguka bure pande zote mbili. Atasema aliuziwa feki. Huenda ni kweli, lakini hata racheti nzuri ingeweza kufia palepale.

Sababu iko ndani ya kichwa chake. Mna gurudumu dogo lenye meno pembezoni, na kando yake kipande cha chuma chenye meno machache, ambacho hapa tutakiita ulimi. Springi ndogo huusukuma ulimi huo dhidi ya gurudumu. Ukivuta mpini upande wa kazi, ulimi unang'ata na soketi, ile kofia ya chuma inayovaa kichwa cha bolti, inazunguka. Ukirudisha mpini, ulimi unarukaruka juu ya meno na kutoa ule mlio wa kri-kri-kri. Kwa hiyo nguvu ya mkono wako haibebwi na kichwa kizima. Inabebwa na meno machache yaliyoumana na ulimi wakati huo. Spana ya ringi ni kipande kimoja cha chuma, haina pa kuponyoka. Racheti imeundwa kuzungusha haraka mahali pasipo na nafasi. Kuilegeza bolti iliyoganda ni kazi ya chombo kingine.

Ukubwa upi

Ukubwa wa racheti hutajwa kwa ule mraba wa kuchomekea soketi, si kwa urefu wa mpini. Ya kazi ndogo ni inchi 1/4, inayofuata ni 3/8, kisha 1/2. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3315 kinataka racheti zijaribiwe kwa nguvu ya kuzungusha ya Nm 62 kwa ile ya robo inchi, Nm 202 kwa ya 3/8 na Nm 512 kwa ya nusu inchi. Nm, yaani nyutoni-mita, ni msukumo wa mkono mara urefu wa mpini: ukisukuma kwa uzito wa kilo 20 mwishoni mwa mpini wa sentimita 20, umetoa kama Nm 39.

Sasa zilinganishe namba hizo na kazi zenyewe. Nati ya terminali ya betri inataka Nm 5 au 6 tu. Plagi za injini ndogo za petroli zinataka kati ya 18 na 25. Pini za breki za mbele kwenye Toyota ndogo zinakazwa karibu Nm 34, na bolti ya kumwagia oili 37 hadi 40. Nati za gurudumu ndizo zinazoruka mbali: Nm 103. Ukiacha hizo za mwisho, kazi zote za kawaida ziko mbali sana na kikomo cha racheti ya 3/8. Ndiyo maana kwa mtu anayenunua moja tu, ushauri wetu ni 3/8 yenye mpini wa sentimita 18 hadi 20.

Ya robo inchi ni tamu kwa dashibodi, taa, vifuniko vya plastiki na kazi nyingi za pikipiki. Ya nusu inchi hatuishauri iwe ya kwanza. Mpini wake mrefu unakupa nguvu usiyoihisi, na bolti nyembamba ya namba 10, yaani yenye kichwa cha upana wa milimita 10, inakatika kabla mkono haujajua kwamba imekaza.

Na yule mwenye bomba? Bomba la sentimita 60 likikanyagwa kwa kilo 60 linatoa zaidi ya Nm 350. Racheti yake ya 3/8 ilijaribiwa kwa 202.

Namba za soketi zinazohitajika kweli

Hapa watu hupoteza fedha. Magari mengi ya barabara zetu yametoka Japani, na Wajapani wana desturi yao ya vichwa vya bolti. Bolti yenye unene wa milimita 8 ina kichwa cha namba 12 kwenye Toyota, lakini bolti ya unene huohuo kwenye gari la Ulaya, kitanda cha chuma au geti la kuchomelea huwa na kichwa cha 13. Bolti ya milimita 10 ni namba 14 kwa Mjapani. Kwingine ni 17 au 16. Kwa gari la Kijapani, basi, soketi za kazi ni 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21, hii ya mwisho ikiwa ya nati za gurudumu na plagi za zamani. Nyumbani ongeza 13 na 16. Plagi za injini nyingi mpya zinataka soketi ndefu ya namba 16 yenye mpira au sumaku ndani, pamoja na ekstensheni ya sentimita 15 hadi 25 kwa sababu plagi imezama. Jenereta ndogo nyingi bado zinatumia plagi ya 21.

Namba 10 nunua mbili. Kila fundi anajua kwa nini: ndiyo inayopotea.

Chagua soketi za kona sita. Za kona kumi na mbili huingia kwenye bolti kwa urahisi, lakini hushika ncha za kona. Bolti ikiwa imeliwa na kutu, kona zinachubuka na kichwa kinabaki duara. Ya kona sita husukuma ubapa wa kichwa. Kwenye magari ya mwambao, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako chumvi ya hewa hula bolti mapema, tofauti hii hujionyesha siku ya kwanza.

Na seti za vipande 108? Hesabu soketi, usihesabu vipande. Mara nyingi sehemu kubwa ya idadi hiyo ni vichwa vidogo vya bisibisi. Ile seti maarufu ya vipande 46 yenye kasha dogo ina racheti ya robo inchi na soketi za 4 hadi 14. Ni seti nzuri kwa kazi yake, ila mtu akiipeleka kwenye gurudumu anatafuta balaa.

Meno mangapi

Gawa 360 kwa idadi ya meno, utapata nyuzi za mzunguko ambazo mpini lazima usogee ili ushike jino linalofuata. Meno 24 ni nyuzi 15. Meno 36 ni 10. Meno 72 ni 5. Kwenye mpini wa sentimita 20, nyuzi 15 ni zaidi ya sentimita 5 za mkono kusogea, na nyuzi 5 hazifiki sentimita 2. Ukiwa umebana mkono kati ya injini na ukuta wa bodi, sentimita hizo tatu ndizo zinazoamua kama bolti itatoka.

Lakini meno yakizidi, kila jino linakuwa dogo, nalo linahitaji chuma kizuri zaidi na ukataji sahihi zaidi. Kwenye racheti ya bei ya chini, 72 zilizoandikwa kwa mbwembwe zinaweza kuwa udhaifu. Kama fedha haitoshi kununua chapa inayoaminika, ya meno 36 au 45 iliyotengenezwa vizuri ni salama zaidi kuliko ya 72 iliyotengenezwa vibaya. Na maandishi ya CR-V, yaani chuma chenye kromiamu na vanadiamu, yasikuleweshe: mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuyaweka.

Ipime mbele ya muuzaji

Zungusha mraba kwa vidole mzunguko mmoja kamili upande unaolia, ukihesabu milio. Idadi ikitofautiana sana na meno yaliyoandikwa kwenye boksi, au mlio ukipotea sehemu moja, irudishe rafuni.

Kisha mpe swichi ya kubadili upande kazi kidogo. Igeuze mara kumi. Inapaswa kukaa imara kila upande, isilegee wala isigote katikati, kwa sababu swichi inayoteleza yenyewe ndiyo inayogeuza racheti ukiwa katikati ya kazi.

Kipimo cha tatu ndicho watu wengi hawakijui. Chomeka soketi, iguse kwa kidole kimoja tu, kisha rudisha mpini. Soketi inapaswa kubaki palepale huku racheti ikilia. Ikizunguka pamoja na mpini, racheti ni nzito ndani: bolti ikishalegea utakuwa unaifungua na kuikaza tena hiyohiyo, na utamaliza kwa vidole.

Shika mraba uutikise. Kuchezacheza kidogo ni kawaida, kuyumba si kawaida. Kigololi kwenye ubavu wa mraba kishike soketi isidondoke ukiinamisha kichwa. Pitisha kidole kwenye kona za rangi ya kromu: ikiwa imeanza kubanduka dukani, baadaye vipande vyake vitakukata kama wembe. Dukani pakiwa na jiliwa, banisha bolti, vaa soketi, sukuma polepole kwa nguvu ya mkono mmoja, rudisha, sukuma tena, mara kumi kwa kila upande. Ulimi mbovu huruka angalau mara moja.

Angalia pia mgongo wa kichwa. Kikiwa na kifuniko chenye skrubu au pete inayotoka, kinaweza kufunguliwa na kusafishwa, na kwa chapa nyingine vipuri vya ndani huuzwa. Kilichofungwa moja kwa moja huzuia mchanga vizuri ila kikiharibika umemaliza. Dhamana ya maisha iliyoandikwa kwenye boksi ina maana pale tu duka la kuibadilishia lipo mjini kwako. Racheti ya mtumba ya chapa nzuri, ikifaulu vipimo hivi, mara nyingi huishinda mpya ya bei ya kutupa.

Inapotumika

Bolti yoyote ngumu ilegezwe kwanza kwa spana ya ringi au mpini mrefu wa soketi usio na meno ndani. Yenye kutu ipulizie mafuta ya kulegeza kutu, subiri dakika 20 au uiache ilale, gonga kichwa chake kwa nyundo mara chache, kisha jaribu. Ikishatoa robo mzunguko, racheti ichukue kazi. Nati za gurudumu legeza kwa wili spana gari likiwa bado chini, kabla ya jeki. Wakati wa kurudisha, kaza kwa msalaba, shusha gari, malizia kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm 103 kama ni Toyota ndogo, na ziangalie tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kuanza kufunga ni kwa vidole. Vua racheti, shika soketi na ekstensheni peke yake, zungusha nyuzi mbili tatu za bolti. Ikikataa, imeingia mshazari. Racheti itaisukuma kwa nguvu na kuchana nyuzi za sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya alumini, kosa ambalo gharama yake inazidi bei ya racheti mara nyingi. Bolti ya kumwagia oili iwekewe washa mpya. Plagi mpya ya nyuzi za milimita 14 yenye washa, kama huna spana ya torki, fika kwa vidole mpaka igote, kisha ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili, injini ikiwa baridi.

Ukiwa umelala chini ya gari, kulia na kushoto hubadilika machoni. Fikiria kila mara unaitazama bolti kwenye uso wa kichwa chake: kulia kunakaza, kushoto kunalegeza. Kabla ya kuongeza nguvu, angalia swichi. Bolti nyingi zilizokatika zilikuwa zinakazwa na mtu aliyedhani anafungua.

Kwenye betri, toa upande wa hasi kwanza na uurudishe mwisho. Racheti ikigusa chanya na bodi kwa pamoja inatoa cheche na inaweza kuyeyusha chuma. Mpira wa mpini haukingi umeme, isipokuwa umeandikwa 1000 V. Nyumbani chomoa pampu au friji kwanza.

Ikianza kuruka

Mara nyingi mkosaji ni grisi. Mtu hufungua kichwa na kukijaza grisi nzito ya bearingi, springi dogo linashindwa kusukuma ulimi, na racheti inaruka kama imevunjika. Fungua juu ya sinia jeupe, maana kigololi na springi huruka na kupotea. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, tazama meno: yakiwa yamevunjika au kona zake zimelika, ulimi na gurudumu vibadilishwe pamoja. Yakiwa mazima, paka grisi nyepesi kidogo tu, kiasi cha kulowesha. Ile iliyofungwa moja kwa moja itie matone mawili ya oili nyepesi kwenye mraba, izungushe, kisha ifute.