Je, wajua kwa nini kompyuta ilimpunguza karani wa hesabu ikamwongeza mhasibu?

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walitoa waraka uliopanga kazi 702 za Marekani kwa uwezekano wa kila kazi kufanywa na kompyuta. Karani wa hesabu, yule anayeingiza risiti na vocha kwenye leja, alipewa asilimia 98. Mhasibu na mkaguzi wa hesabu wakapewa 94. Ukiziona namba hizo utasema hawa wamepanda mtumbwi mmoja, na mtumbwi wenyewe unavuja.

Miaka zaidi ya 10 imepita. Makadirio ya Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani yanaonyesha makarani wa hesabu wakiendelea kupungua na wahasibu wakiendelea kuongezeka. Kwenye jedwali walitenganishwa na asilimia 4 tu, lakini soko la ajira limempeleka kila mmoja upande wake.

Niliusoma waraka ule nikiwa najiandaa na mitihani ya bodi ya uhasibu, na jibu langu lilikuwa tayari: ni elimu. Mhasibu kasoma zaidi, kazi yake ni ngumu zaidi, na mashine huanza na kazi nyepesi kisha hupanda ngazi taratibu. Nililiamini jibu hilo kwa miaka. Nikawashauri wadogo zangu waliokuwa chuoni wasome mpaka juu, kwa kuwa huko juu mashine haifiki. Naandika kwa sababu nilikosea, na kwa sababu ushauri huo bado nausikia kila msimu wa kuchagua masomo.

Kosa la kwanza lilikuwa kuisoma namba vibaya. Niliielewa 94 kana kwamba wahasibu 94 kati ya 100 watakosa kazi. Waraka haukusema hivyo. Frey na Osborne, wakisaidiwa na wataalamu wa kompyuta, walizipima kwa mikono kazi 70 na kuzipa alama ya ndiyo au hapana: je, kompyuta inaweza? Kisha wakaifundisha programu itoe makisio kwa kazi zote 702 kwa kuangalia vigezo 9, kama ustadi wa vidole, ubunifu na uwezo wa kushawishi watu. Kwa hiyo 94 ni kiwango cha uhakika wa programu kwamba kazi hii *inaweza* kufanywa na mashine, pengine ndani ya muongo mmoja au miwili. Kama mwajiri atainunua mashine hiyo, kama itamlipa, kama sheria itamruhusu, hayo waraka haukuyapima, na waandishi wenyewe walilisema hilo.

Kosa la pili ndilo lililonigharimu zaidi. Nilidhani kilicho kigumu kwa binadamu ni kigumu kwa mashine. Fikiria mkopo wa miaka 20 unaorejeshwa kila mwezi, riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua. Mwanafunzi hutoka jasho, lakini kompyuta inamaliza kabla hujanyanyua kidole. Sasa ipe risiti iliyokunjwa mara nne, imelowa chai, imeandikwa "mbao" bila kusema mbao gani, na mwenye duka ana majina matatu: la kwenye risiti, la kwenye akaunti ya benki, na lile analoitwa mtaani. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukaa ofisini miezi sita atakuambia ni nani.

Wala elimu haikuwalinda waliokuwa nayo. Zamani neno la Kiingereza tunalolitamka leo kompyuta lilikuwa jina la kazi ya mtu. Kwenye kituo cha utafiti wa ndege cha Langley, jimbo la Virginia nchini Marekani, wanawake wengi wenye shahada za hisabati walifanya kazi ya kukokotoa mahesabu ya ndege na baadaye ya vyombo vya angani. Katherine Johnson alikuwa mmoja wao. Kazi ile haikuwa nyepesi hata chembe, lakini mashine za IBM zilipoingia cheo chenyewe kilikufa. Dorothy Vaughan, aliyekuwa akiongoza kundi la wanahisabati weusi pale, alijifunza lugha ya programu iitwayo FORTRAN na kuwafundisha wenzake, wakahamia kwenye kazi mpya. Walichokifanya kwa vichwa vyao kilikuwa kitu kimoja kikubwa, kukokotoa, na kitu hicho kizima ndicho mashine ilichokichukua.

Kwa hiyo kama si elimu wala ugumu wa kazi, ni nini? Jibu nililolipata baadaye linaanzia kwenye karatasi.

Kabla ya 1979, lahajedwali, ambalo wengi wetu tunaliita Excel tu, lilikuwa karatasi pana yenye mistari. Dan Bricklin, akiwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard mwaka 1978, alichoshwa na jambo moja: ukibadilisha tarakimu moja, unafuta na kuandika upya kila jumla inayoitegemea. Mwaka uliofuata, yeye na Bob Frankston walitoa VisiCalc kwa kompyuta ya Apple II. Badilisha mshahara wa Januari, na mwaka mzima unajipanga wenyewe.

Ungetarajia hitaji la watu wa hesabu lishuke. Hapa nitaomba uvumilivu kidogo, maana ndipo penye utamu wa jambo lote.

Nilipokuwa mtoto, maji nyumbani kwetu yalikuwa ya ndoo. Mwenye mkokoteni alileta madumu manne kwa siku, na nyumba nzima iliishi ndani ya madumu hayo: la kunywa na kupikia, la vyombo, mawili ya kuoga watu saba. Hakuna aliyesema anataka kumwagilia mchicha. Si kwamba mchicha hatukuupenda; kwa bei ile ya maji, wazo lenyewe halikupata nafasi ya kuzaliwa. Kisha bomba likafika uani. Mama alidhani tutaendelea na kiasi kilekile ila kwa nafuu. Haukuisha mwezi kukawa na tuta la mchicha, mashuka yanafuliwa kila wiki, baiskeli inaoshwa, na jirani anachota. Tukaanza kuhitaji vitu ambavyo nyumba ya madumu manne haivihitaji: mtu wa kusoma mita, fundi wa kuziba panapovuja, na mtu wa kuamua nani anafungua bomba saa ngapi.

Hesabu zilifanya vivyo hivyo. Bajeti ya karatasi ilikuwa dumu. Mkurugenzi aliomba moja kwa mwaka na kushukuru. Ilipokuwa rahisi kuibadilisha, alianza kuuliza: dizeli ikipanda je? Tukifungua tawi Morogoro je? Shilingi ikishuka tukiwa tumekopa kwa dola je? Kila swali linataka mtu wa kulipanga, kuchagua namba za kuingiza, na kusema jibu lipi halina mashiko. Gharama ya kukokotoa ilishuka, maswali yakaongezeka kuliko ilivyoshuka gharama, na anayehangaika na maswali ni mhasibu. Na mivujo iliongezeka. Mwaka 2020, huko Uingereza, kesi 15,841 za UVIKO zilikosekana kwenye takwimu za kila siku kwa sababu faili la muundo wa zamani wa Excel halikubali zaidi ya mistari 65,536, na iliyozidi ikadondoka kimyakimya.

Mfano wa maji una mpaka wake. Unafanya kazi pale tu ambapo kiu haijaisha. Chukua hati za mishahara: kila mfanyakazi anataka moja kwa mwezi, na hata ukizitoa bure hakuna atakayeomba tatu. Huko unafuu wa mashine ulipunguza makarani bila kuongeza swali lolote jipya. Na yule mwenye mkokoteni wetu hakugeuka kuwa fundi bomba. Alihamia mtaa ambao bomba lilikuwa halijafika. Takwimu zikisema "wahasibu wameongezeka", hazisemi kwamba ni makarani wale wale waliopandishwa, na sioni haki ya kulipita jambo hilo kama dogo.

Kuna sababu ya pili: saini. Tanzania, hesabu zilizokaguliwa husainiwa na mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi. Kenya, na mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu ya huko, mwenye leseni. Mtu huyo anaweza kuitwa, kuhojiwa, kufutwa kwenye daftari. Mwaka 2023 huko New York, mawakili walipeleka mahakamani hoja iliyotaja kesi za zamani ambazo hazikuwahi kuwapo. Programu iitwayo ChatGPT ndiyo iliyozitunga. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili na ofisi yao. Programu haina mfuko wa kutozwa wala leseni ya kunyang'anywa.

Nipe nafasi nikuonyeshe vocha moja. Tulikuwa tunafunga mwezi, na programu inayolinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki ikatoa tofauti. Risiti ya saruji: 450,000. Benki: 540,000. Programu ikapendekeza yenyewe kwamba tumemlipa msambazaji kwa ziada, tuiweke 90,000 kama malipo ya awali. Mzee mmoja aliyeanza kazi enzi za leja za mkono akaiangalia sekunde tano akasema, "Inagawanyika kwa tisa."

Hii ni mbinu ya zamani na inapendeza. Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 daima. 73 ukiiandika 37, umekosa 36, yaani 9 mara 4, na ile 4 ni tofauti ya 7 na 3. Sababu ni kwamba kila tarakimu ikihama nafasi moja, thamani yake inakuwa mara 10 au inabaki sehemu moja ya 10, na kati ya 10 na 1 kuna 9. Na 90,000 inagawanyika. Mzee akahitimisha kwamba aliyelipa alipindua tarakimu.

Dada anayeshughulikia vocha hakubishana na yeyote. Alichukua simu akampigia mwenye duka. "Shikamoo baba. Ile saruji ya tarehe 12, tulikulipa ngapi?" Ikaonekana kwamba lori la kupeleka mzigo lilidai 90,000, limelipwa humo humo, na halikutoa risiti. Hakukuwa na ziada wala tarakimu zilizopinduka. Kulikuwa na matumizi ya usafiri yasiyo na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, na hayo ni magumu kuyatetea mbele ya TRA, mamlaka ya mapato. Tungeifuata programu, tungekuwa tunamdai mwenye duka pesa ambayo hakuwa nayo. Tungemfuata mzee, tungemwandikia barua kijana aliyelipa, asiye na kosa.

Basi je, akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita, itafuata njia ile ile ya VisiCalc? Hapa ushahidi bado ni mwembamba, na zana zenyewe ni tofauti. Lahajedwali haliongezi neno ambalo hukuliingiza. Programu ya lugha imejifunza kutoka kwenye maandishi mengi mno neno lipi huelekea kufuata lipi, kama mtu aliyesikiliza mashairi maisha yake yote mpaka anaweza kukukamilishia ubeti kwa vina na mizani sahihi hata kama hajui kisa. Ubeti utalia vizuri. Ndivyo zilivyozaliwa zile kesi za New York. Tena zana hizi zinagusa kuandika, kufupisha na kushauri, vitu ambavyo lahajedwali halikuvigusa, kwa hiyo sitaki kuazima historia yote ya 1979 na kuivalisha leo.

Kinachonitia wasiwasi ni mlango wa kuingilia. Mwaka 2025, mchumi Erik Brynjolfsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia kumbukumbu za mishahara za ADP, kampuni ya Marekani inayoshughulikia mishahara ya kampuni nyingine. Walikuta kwamba tangu zana hizi zisambae mwishoni mwa 2022, ajira ya vijana wa miaka 22 hadi 25 kwenye kazi zinazoguswa zaidi, kama kuandika programu na kuhudumia wateja, imeshuka kwa asilimia 13 ikilinganishwa na kazi zisizoguswa sana. Wenye uzoefu kwenye kazi hizo hizo hawakushuka. Wapo wachumi wanaoona kwamba riba kubwa za miaka hiyo zilichangia, na mjadala haujaisha. Lakini dada aliyempigia mwenye duka hakuzaliwa akijua kwamba malori hujificha ndani ya bei ya saruji. Alilijua kwa kuingiza vocha kwa mkono, maelfu, ile kazi ya asilimia 98.

Ofisini kwetu tumeamua jambo dogo. Kijana wa mafunzo kwa vitendo akifika, hupewa boksi moja la vocha za karatasi na daftari, bila kompyuta. Akimaliza, boksi lile lile linasomwa na programu, na orodha mbili zinawekwa mezani. La mwezi uliopita lilitoa tofauti tatu. Mbili zilikuwa za mashine. Ya tatu ilikuwa ya kijana, na ilikuwa inagawanyika kwa tisa.