Thumni ya nini?

Mzee mmoja wa Kwale alinipigia simu juzi. "Wakili, mjane wa ndugu yangu eda inamwisha Ijumaa. Tumpe shilingi ngapi za thumni, ile sehemu yake moja ya nane, atoke shambani?"

Nikamuuliza marehemu ameacha nani. Wavulana wawili, wasichana watatu. Wazazi walishatangulia. Nikamwambia: mzee wangu, kwa maelezo hayo, katika shamba hilo mjane ana fungu, wewe huna. Simu ikakatika. Labda ni mtandao.

Nimechoka kusikia kwamba mjane wa Kiislamu harithi ardhi, kwamba hupewa pesa kidogo akarudi kwao. Aya ya 12 ya Suratun-Nisaa inampa rubui, yaani robo, kama marehemu hana mtoto, thumni kama anaye, katika kile alichokiacha. Alichokiacha ni alichokiacha: minazi, ng'ombe, ploti, hata sufuria. Shamba halikutolewa. Miezi minne na siku kumi za eda, kipindi cha mjane kungoja baada ya kufiwa, si notisi ya kuhama. Akitaka kuuza fungu lake kwa warithi wenzake, takharuj ipo, lakini kwa ridhaa yake. Na akiolewa tena, fungu halimtoki.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Shamba likiwa ekari 8, mjane ana moja, kila binti moja, kila mvulana mbili. Ndugu wa marehemu amezuiliwa na wavulana. Wake wakiwa wawili, wanagawana thumni hiyohiyo.

Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inayomnyima mjane ardhi ipo, nisidanganye. Ni ya Kijaafari, madhehebu ya Kishia: huko hurithi katika thamani ya majengo na miti, si katika udongo. Iran yenyewe ilibadilisha sheria mwaka 2009 ili apate walau thamani ya ardhi. Lakini mzee wangu ni Shafii, Msuni, baba yake Shafii, hakosi dua ya kunuti kila alfajiri; ikija mirathi anaazima kwa Mashia! Hata hajui kama ameazima. Anachokitetea ni mila, kwamba shamba la ukoo lisiende na mgeni. Basi aseme ni mila, asimsingizie Mungu.

Kinachoniudhi zaidi ni haraka ya kugawanya kabla ya kuuliza: thumni ya nini? Maziko yatolewe, madeni yalipwe, wasia usizidi theluthi, ndipo warithi waketi. Na katika madeni hayo, mahari ambayo mwanamke hakulipwa yamo. Kwa mahari yeye ni mdai. Urithi wake unafuata baadaye. Sijawahi kukuta kikao cha ukoo kilichoanza na swali hilo. Cherehani aliyoinunua mwenyewe, mbuzi aliopewa na babake, ploti yenye jina lake, hivyo si mali ya marehemu hata kidogo, na bado nimeona vikiorodheshwa. Mombasa kuna nyumba bila ardhi: warithi hugawana nyumba, udongo una mwenyewe. Kuna familia hupigana miaka kwa ajili ya udongo ambao marehemu alikuwa akiulipia kodi.

Halafu kuna linaloninyima usingizi. Mama amechimba mashimo ya mikorosho miaka ishirini, ameuza korosho, pesa zimenunua ploti ya pili, hati ikaandikwa jina la mume. Fiqhi tuliyosomeshwa inasema kila mtu na mali yake. Anayedai ushirika alete ushahidi. Nani huandikishana na mumewe? Indonesia nao ni Mashafii, lakini mkusanyiko wao wa sheria za Kiislamu wa 1991 humtolea kwanza aliyebaki nusu ya mali waliyochuma pamoja, kisha ndipo mirathi igawanywe. Nimesimama mbele ya kadhi nikasema jembe la mama ni ushirika. Nilipokaa, mwenyewe sikuwa na hakika. Ushirika wa kiasi gani? Nusu? Theluthi? Sina mizani ya kupimia, na vitabu nilivyosoma vinalipita swali hili kama halipo.

Jana mzee akapiga tena, safari hii kwa upole. Ameitazama hati. Ina jina la baba yao, aliyefariki zamani, na mirathi haijagawanywa.

Hapo nikakaa vizuri, maana sasa ana hoja. Ni munasakha: kwanza tugawanye ya baba, tujue fungu la marehemu ni lipi, ndipo thumni ya mjane itoke katika fungu hilo, si katika ekari zote. Mzee ameingia kwenye orodha ya warithi, na mjane bado yumo.

"Kumbe!" akasema, nikamsikia akicheka.

"Ndiyo, mzee. Na dada zenu ni wangapi?"

Akanyamaza kidogo. "Wale wameolewa."