Yule towashi wa Kandake hakutoka Addis Ababa

Mahubiri mengi husema towashi aliyebatizwa na Filipo katika Matendo 8 alitoka Ethiopia, nchi hii tunayoijua leo. Sivyo. Neno lililotupoteza ni Aethiopes, ambalo Warumi walilichukua kwa Wagiriki: Aithiopes, kutoka aithein, kuchoma, na ops, uso. Watu wenye nyuso zilizoungua jua. Halikuwa jina la taifa moja. Wagiriki waliwaita hivyo watu weusi wa kusini mwa Misri na hata wa mbali zaidi.

Lakini katika sura hiyo tuna alama ya wazi: Kandake. Wengi hudhani ni jina la mwanamke fulani, kumbe ni cheo cha malkia wa ufalme wa Kushi. Makao yao yalikuwa Meroe, kando ya Nile, kaskazini mwa Khartoum, ambako piramidi zao zenye ncha kali zingali zimesimama mchangani. Amanirenas, mwenye cheo hicho, alipigana na Warumi katika miaka ya 20 KK. Kwa hiyo towashi alikuwa mtu wa Sudan ya leo, na Biblia ya Union Version imemweleza vizuri kabisa: "mtu wa Kushi".

Ethiopia haikuliiba jina. Mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale katika Ethiopia ya leo, katika karne ya 4, alilitumia kwenye maandishi yake ya Kigiriki pale ambapo yale ya Kigeez, lugha ya kale ya huko, yalisema Habashat, yaani Uhabeshi.