Maana ya kuandaa seva kwa hifadhidata isiyokatika huduma

Katika ofisi nyingi za Nairobi, kuanzia Upper Hill hadi Mombasa Road, mkuu wa idara akiuliza kama seva za hifadhidata mpya zimeandaliwa, hujibiwa kwamba zimeandaliwa. Ukiingia kuangalia, unakuta Linux, yaani mfumo endeshi, imewekwa kwenye mashine mbili, masasisho yamepakuliwa, na kila moja inajibu ukiiita kwenye mtandao. Kazi hiyo inaitwa kusakinisha. Nimeisikia ikiitwa kuandaa mara nyingi mno, na tatizo ni kwamba watu hulipia kosa hilo miezi baadaye, usiku, wakati wateja hawapati huduma.

Kuandaa mfumo endeshi kwa hifadhidata isiyotakiwa kukatika huduma ni kuzifanya mashine kadhaa zikubaliane, kabla hifadhidata haijaingia, juu ya mambo ambayo yenyewe itayachukulia kuwa yameshaamuliwa: majina, saa, namba za watumiaji, diski, njia za mtandao, na nani atamtoa nani mambo yakiharibika. Huduma isiyokatika nayo hupimwa kwa asilimia. Ukiahidi 99.9, umejiruhusu kukatika takriban saa 8 na dakika 45 kwa mwaka mzima. Ukiahidi 99.99, zimebaki dakika 52 hivi.

Yako mambo ya seva moja moja, na hayo sina ugomvi nayo. Kuzima kurasa kubwa za kumbukumbu zinazojipanga zenyewe na kutenga zile za MB 2 kwa mkono, kupandisha kikomo cha faili zinazofunguliwa kwa pamoja kutoka 1024 ya kawaida, kupunguza hamu ya Linux ya kuhamishia kumbukumbu kwenye diski: yote yameandikwa katika mwongozo wa kila hifadhidata, na fundi makini huyamaliza asubuhi moja. Lakini unaweza kuyamaliza yote kwenye kila mashine, kila mashine ikawa nzima kabisa, na bado usiwe na klasta, yaani mashine kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Ubovu wa klasta hukaa katikati ya mashine, mahali ambapo hakuna anayepakagua kwa sababu kila mtu amekagua seva yake.

Chukua jina. Ukisakinisha Ubuntu au Debian, mara nyingi utakuta katika /etc/hosts, faili la majina na anwani, mstari unaolifunga jina la mashine na anwani 127.0.1.1. Kwa mashine inayoishi peke yake hakuna ubaya. Sasa weka hifadhidata juu yake, kisha iambie itumie jina hilo kujitambulisha kwa wenzake. Nodi ya kwanza, yaani mashine ya kwanza ya klasta, inatangaza kwamba inapatikana 127.0.1.1. Nodi ya pili inaifuata anwani hiyo, na kwa kuwa kila anwani inayoanza na 127 humrudisha mtu kwake mwenyewe, nodi ya pili inajikuta inabisha mlango wake yenyewe. Kumbukumbu za matukio zitasema muunganisho umekataliwa, na vijana watakesha wakihangaika na swichi na kebo ambazo hazina kosa lolote. Dawa ni kuufuta mstari huo na kuandika anwani halisi za nodi zote, kwa mpangilio uleule, kwenye kila nodi.

Diski nazo zina mtego kama huo. Jina /dev/sdb hutolewa kwa mpangilio ambao Linux imezikuta diski siku hiyo inapowaka, kwa hiyo diski ya data katika seva ya kwanza inaweza kuitwa /dev/sdc katika ya pili, au kubadilika ukiwasha upya. Kama diski ni ya pamoja, inayofikiwa na nodi zote, kosa la jina hapa linaweza kufuta data. Ndiyo maana diski huitwa kwa namba yake ya kudumu, ile iliyotoka nayo kwenye mtambo wa kuhifadhia data. Watumiaji pia: mtumiaji “oracle” akiwa na namba 1001 huku na 1002 kule, jina linafanana machoni pako, lakini mfumo wa faili husoma namba, nao utawaona kuwa watu wawili tofauti.

Kuhusu saa, naomba tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Majira ya Nairobi yako saa tatu mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia, mwaka mzima, hatusogezi mishale kama Ulaya. Seva moja ikiachwa kwenye UTC na nyingine ikawekwa Africa/Nairobi, saa zao zinaweza kuwa sawasawa kabisa ila zinasomeka tofauti, na ukifuatilia tukio kwenye kumbukumbu za matukio utadhani nodi moja ilianguka saa tatu kabla ya mwenzake. Hilo ni suala la eneo la majira. Saa yenyewe kupotoka ni suala jingine na ndilo zito zaidi: vyeti vya usalama vitakataliwa kwa madai kwamba muda wake haujaanza, na huwezi tena kusema kwa uhakika lipi lilitangulia. Weka chrony, programu ya kulinganisha saa, kwenye nodi zote, zielekeze kwenye vyanzo vilevile, kisha hakikisha kwa macho kwamba zinavifuata. Mwisho wa Juni 2012 dunia iliongeza sekunde moja kwenye saa, ambayo kwetu iliangukia saa tisa usiku wa kuamkia 1 Julai, na seva nyingi za Linux duniani zililemewa na sekunde hiyo moja kwa sababu ya hitilafu ndani ya kiini cha Linux.

Fayawoli, ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao, nayo huzimwa wakati wa usakinishaji ili kazi iende mbio, halafu huwashwa mwishoni na mtu mwingine. Kwa klasta ya Galera, inayounganisha hifadhidata za aina ya MySQL, mlango wa mtandao namba 3306 ni wa wateja, lakini nodi zenyewe huongea kupitia 4567, hupeana mabadiliko yaliyowapita kupitia 4568, na nakala nzima hupita 4444. Ukisahau huo wa mwisho, klasta itaenda vizuri hata miezi. Siku nodi moja itakaporudi baada ya kukaa nje muda mrefu, itahitaji nakala nzima, na itakuta mlango umefungwa.

Sasa nifike kwenye akidi. Hii ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Wakenya tunaijua akidi kutoka Bungeni. Kifungu cha 121 cha Katiba kinataka wabunge 50 katika Bunge la Kitaifa na maseneta 15 katika Seneti. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika, kwa hiyo hao 50 hawafiki hata robo, na bado kikao ni halali. Bunge linamudu hivyo kwa sababu ukumbi ni mmoja na Spika ni mmoja. Klasta haina bahati hiyo. Kebo kati ya nodi ikikatika, ukumbi unakuwa kumbi mbili, na kila upande unaamini kwamba upande wa pili umekufa. Hapo akidi lazima iwe zaidi ya nusu ya nodi zote, zilizo hai na zisizoonekana, maana pande mbili haziwezi kuwa na zaidi ya nusu kwa wakati mmoja.

Bila sharti hilo, huu ndio msiba wenyewe. Mwanachama wa sacco ana shilingi 8,000. Anatoa 6,000 kwenye tawi linalohudumiwa na nodi ya kwanza. Mkewe, mwenye kadi ya akaunti hiyohiyo, anatoa 6,000 kupitia nodi ya pili. Nodi zote mbili zimeona salio linatosha na zote zimeandika. Mtandao ukirudi, hakuna programu inayoweza kusema ipi ni kweli, kwa sababu fedha zote zimeshatoka.

Kwa hiyo nodi mbili zenye kura sawa haziwezi kuvumilia kifo cha nodi hata moja: zaidi ya nusu ya mbili ni mbili. Tatu zinavumilia kifo kimoja, nne pia kimoja tu, tano viwili. Kuna watakaosema Oracle RAC, klasta ya hifadhidata ya Oracle, huendeshwa kwa nodi mbili kila siku. Ni kweli, lakini ina diski za kura, zenye idadi isiyogawanyika kwa mbili, na hizo ndizo mwamuzi wa tatu. Oracle RAC ikiwa juu ya Linux, nodi isiyosikika kwa sekunde 30 kwa kawaida hutolewa. Hifadhidata ya PostgreSQL inayosimamiwa na programu ya Patroni mara nyingi humpata mwamuzi huyo kwa etcd, ghala dogo linalotunza makubaliano ya nodi, na etcd nayo, ili ivumilie kifo cha mashine moja, inataka mashine tatu.

Mtu akisema kwamba mtandao wao ni imara, mkumbushe GitHub, jukwaa la kuhifadhia misimbo ya programu. Tarehe 21 Oktoba 2018 mawasiliano yao kwenye pwani ya mashariki ya Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Hifadhidata zao za MySQL zikahamishiwa uongozi pwani ya pili, kila upande ukiwa na maandishi ambayo mwenzake hakuwa nayo. Iliwachukua saa 24 na dakika 11 kurudi sawa. Nao walikuwa na nodi za kutosha na kura za kutosha.

Ukiulizwa tena, basi, kama seva zimeandaliwa, na kilichofanyika ni usakinishaji, jibu tu hivi: “Bosi, Linux imeshawekwa, ila bado hatujaziunganisha.” Kisha omba vitu viwili ambavyo ni rahisi kupewa sasa kuliko baadaye: mashine ya tatu, hata iwe ndogo, kwa ajili ya kura, na ruhusa ya kuchomoa kebo ya mawasiliano ya nodi mchana kweupe, kabla data ya mteja hata mmoja haijaingia.