Vita imeisha ila meli bado zinazama: kisa cha Afrique, Januari 1920

Tukiongelea meli zilizopotea kwenye vita kuu ya kwanza kila mtu anakimbilia habari za nyambizi na torpedo, Lusitania na wenzake, ila kuna kundi jingine ambalo mimi kama mtu wa injini za meli linaniuma zaidi, nazo ni zile zilizozama baada ya tarehe 11 Novemba 1918. Yani mizinga imeshanyamaza, watu wameshaimba barabarani, mama yuko nyumbani anahesabu siku mwanae arudi, alafu meli inayomleta ndo inapotea.

Na hazikuwa moja wala mbili. Wiki mbili tu baada ya vita kusimama, Novemba 1918, meli mbili mpya za Ufaransa, Inkerman na Cerisoles, zilipotelea Ziwa Superior kule Amerika kaskazini (ziwa kubwa kuliko hata Victoria yetu, na likichafuka halina masihara), zilikuwa zimetoka kiwandani Fort William, Kanada, na kazi yake ilikuwa ikafagie mabomu ya baharini huko Ulaya. Zilitoka tatu, dhoruba ikawakuta, Sebastopol ikafika, zile mbili mpaka leo hazijaonekana, watu 78 wameenda nazo. Januari 1919 meli ya abiria ya Ufaransa, Chaouia, ikagonga bomu la baharini kwenye mlango-bahari wa Messina, Italia, mamia wakafa. Bomu halijui kama mkataba umesainiwa. Bahari ya Kaskazini peke yake, kati ya Orkney na Norway, Wamarekani na Waingereza walikuwa wametega mabomu zaidi ya 70,000 mwaka 1918, na kuyaondoa ikawa kazi ya mwaka 1919 ambayo nayo iliua mabaharia.

Kuna Iolaire pia. Usiku wa kuamkia mwaka mpya 1919 ilitoka Kyle of Lochalsh huko Scotland imebeba mabaharia wa kisiwa cha Lewis wanarudi kwao baada ya miaka minne ya vita, kabla ya saa nane usiku ikapanda miamba inayoitwa Beasts of Holm, mlangoni kabisa mwa bandari ya Stornoway, hazifiki mita 50 kutoka nchi kavu. Walikufa 201 kati ya watu 280 na kidogo. Majaketi ya kuokolea maisha yalikuwa 80 tu. Mtu mmoja, John F. Macleod, aliogelea na kamba mpaka ufukweni na kwa kamba ile wakaokoka kama 40, nusu ya wote waliopona. Nikisoma hii huwa nasimama kwanza, manake watu wale walikuwa mabaharia, bahari wanaijua tangu watoto, na taa za kwao walikuwa wanaziona.

Lakini leo nataka nikae kwenye Afrique, kwasababu ndo kisa kinachonihusu kikazi, kilichoanzia chini kwenye chumba cha boila (mitungi mikubwa inayochemsha maji yawe mvuke), na kwasababu karibu watu 200 waliokuwa mle walikuwa Waafrika wenzetu.

Afrique ilijengwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1907 kwa ajili ya kampuni ya Kifaransa Chargeurs Réunis, tani 5,400 hivi, urefu karibu mita 120, sio meli ndogo kwa wakati ule. Kazi yake ilikuwa laini ya Afrika magharibi. Jioni ya tarehe 9 Januari 1920 ikang'oa nanga Bordeaux kuelekea Dakar na bandari zinazofuata ikiwa na watu 602, chini ya kapteni Antoine Le Dû. Kulikuwa na wafanyakazi wa serikali ya kikoloni na familia zao, wafanyabiashara, askofu Hyacinthe Jalabert aliyekuwa anaongoza kanisa Katoliki Senegal akiwa na wamisionari wenzake, alafu kulikuwa na wale askari, tirailleurs kama Wafaransa wanavowaita, vijana wa Senegal na makoloni jirani waliopigana vita ya Ufaransa na sasa wanarudishwa makwao. Mwaka mzima na zaidi tangu vita iishe, ndo kwanza wanapata meli. Hilo peke yake linasema kitu.

Sasa ilivyoanza. Tarehe 10 meli ikiwa imetoka mdomo wa mto Gironde wanaona maji kwenye chumba cha boila. Sio mafuriko, ni maji ya kiasi, maji ambayo kwenye meli ya makaa ya mawe fundi anaweza kuyaona akasema sawa tuwashe pampu. Maji yaliingilia wapi? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba meli iligusa mabaki ya meli iliyozama au kitu kigumu ndani ya maji wakati inatoka mtoni, na hilo sio ajabu manake pwani zote za Ulaya magharibi baada ya vita zilikuwa zimejaa mabaki. Wengine wakanyooshea kidole ubovu wa meli yenyewe, kwamba miaka ya vita meli zilikuwa zinakimbizwa bila kupumzishwa. Mimi nikiangalia naona yote mawili yanaweza kukaa pamoja: bati lililochoka halihitaji kugongwa sana.

Hapa naomba mnivumilie nieleze kidogo, manake wengi wakisikia meli ilivuja wanadhani basi shimo kubwa ndo limeizamisha, wakati meli ya mita 120 inaweza kuvuja na ikafika salama kama pampu zinafanya kazi. Meli ya mvuke inaendeshwa na boila, boila zinakula makaa ya mawe, na makaa yanaacha majivu na vipande vigumu vilivyoungua nusu. Meli ikiwa imetulia majivu yanatolewa na kumwagwa baharini, ila kila siku kuna vumbi na mabaki yanayoshuka chini ya mabati ya sakafu mpaka kwenye ngama, kule chini kabisa maji machafu yanakojikusanya. Mdomo wa bomba la pampu uko hukohuko na umefunikwa chujio, chuma chenye matundu, ili takataka zisiingie kwenye pampu. Maji yakiwa kidogo na masafi hakuna shida. Ila maji yakipanda, meli ikaanza kwenda mrama, yale maji yanakimbia kulia na kushoto yanaokota majivu yote, makaa yote, kila kitu kilicholala kwenye kona, na ule uji mweusi wote unakwenda kuziba chujio. Pampu iko nzima, mvuke upo, lakini hainyonyi kitu.

Hicho ndo kilichotokea Afrique. Pampu zikaziba kwa majivu. Mtu inabidi aingize mikono ndani ya maji machafu ya moto moto, gizani, meli inayumba, akwangue chujio, akimaliza dakika chache limeziba tena. Niliowahi kufanya nao kazi hii wanajua, hata leo kwenye meli za dizeli unakuta matambara na kutu vimeziba chujio na pampu inalia bure.

Alafu linakuja la pili, maji yakifika kwenye tanuru moto unazimika. Moto ukizimika mvuke unashuka, na pampu zenyewe zinaendeshwa na mvuke, usukani unasaidiwa na mvuke, umeme unatoka kwenye mvuke. Yani kila boila inayozimika inapunguza uwezo wa kutoa maji, maji yanapanda zaidi, inazimika nyingine. Hii ni shimo ambalo ukishaingia hutoki kwa nguvu zako mwenyewe. Na meli isiyo na injini haiwezi kuelekeza omo, yani sehemu yake ya mbele, kwenye mawimbi, inageuka ubavu, mawimbi yanaipiga pembeni, inalala zaidi, na maji yaliyo ndani yanakimbilia upande ule ule ilikolalia (jaribu kubeba sinia lenye maji ukitembea utaelewa mara moja). Kwa hiyo uwezo wa meli kujiinua unapungua kila inapolala.

Na bahari yenyewe ilikuwa Ghuba ya Biscay, mwezi wa Januari. Mawimbi yanatoka Atlantiki yote bila kizuizi, alafu yanakuta kina kinapungua ghafla, yanainuka yanakuwa makali. Kapteni alijaribu kurudi kuelekea La Pallice, bandari ya La Rochelle, ila nguvu hana. Tarehe 11 asubuhi Afrique ikaomba msaada kwa redio. Matagi, vile vyombo vidogo vya kuvuta meli, yakatumwa, hali ya hewa ikayashinda. Meli nyingine ya kampuni hiyohiyo, Ceylan, ikaitikia na kufika karibu, na hapa watu wengi wanauliza mbona haikuwachukua wale abiria? Jamani, Afrique ilikuwa inasukumwa na upepo kuelekea Rochebonne, ambayo ni miamba iliyo baharini mbali na pwani ya Vendée na kisiwa cha Ré, inapanda kutoka kina kirefu mpaka karibu na uso wa maji, na kwenye dhoruba bahari yote pale inageuka povu. Kapteni wa Ceylan angeingia kule angekuwa amezamisha meli mbili badala ya moja. Kusogeza ubavu wa meli kubwa kwenye ubavu wa meli nyingine kwenye mawimbi yale haiwezekani, ukijaribu zinagongana zinapasuana. Mimi simlaumu hata kidogo.

Usiku wa tarehe 11 Afrique ikakokotwa mpaka ikagonga meli-taa ya Rochebonne, ile iliyowekwa pale kuonya vyombo visikaribie miamba. Baada ya hapo amri ya kuiacha meli ikatoka. Na kushusha boti ubavuni mwa meli iliyolala, giza, mawimbi ya Biscay, ni kazi ambayo hata wafanyakazi waliofanya mazoezi wanaishindwa. Upande mmoja boti zinaning'inia ndani kwenye deki, haziendi popote, upande mwingine zinabembea mbali na zinarudi kupigwa ubavuni. Alfajiri ya tarehe 12 meli ikazama. Kati ya watu 602 wamepona 34. Wengine waliokotwa na Ceylan, wengine walifikishwa pwani na boti.

Sisi Afrika mashariki tuna msiba wetu wa bahari unaofanana kwa uzito, Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na kupigwa torpedo na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944 ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika mashariki, walikufa karibu 1,300. Ila ile ilizama ndani ya dakika chache tu, hakuna fundi wala kapteni angeweza kufanya kitu. Afrique ilichukua karibu siku mbili. Siku mbili watu wanajua maji yanapanda! Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ndo tofauti kubwa kuliko zote, manake siku mbili ni muda ambao vitu vidogo vingeweza kugeuza mambo: chujio zenye eneo kubwa zaidi, njia ya pili ya kunyonya kutoka sehemu nyingine ya meli, na chanzo cha nguvu kisichotegemea boila zilezile zinazozama.

Na sheria ilikuwa wapi? Baada ya Titanic nchi zilikaa London, Januari 1914 wakasaini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, ule tunaouita SOLAS. Miezi michache baadae vita ikaanza na mkataba ule haukuwahi kuanza kutumika kimataifa. Ukaja mwingine 1929, ukaanza kazi 1933. Kwahiyo Iolaire, Chaouia, Afrique, zote zimeanguka kwenye lile pengo, ulimwengu umeshajifunza somo 1912 lakini karatasi imelala kabatini kwasababu ya vita. Mimi naihesabu hii kama sehemu ya hasara ya vita kama vile ninavyohesabu mabomu.

Leo nikipanda kukagua meli, jenereta ya dharura lazima iwe juu, nje ya chumba cha injini, na mafuta yake yenyewe, ili chini kukijaa maji bado juu kuna taa na redio. Pampu za ngama kwenye meli ya abiria ni kadhaa na zimetenganishwa. Ila chujio bado ni chujio, na bado nakuta feri na meli za mizigo ambazo fundi anakwambia tulisafisha mwezi uliopita, unafungua unakuta tope. Wanangu mnaosoma uhandisi wa meli, fungueni wenyewe, msiandike kwenye logi (daftari la kumbukumbu za meli) kitu ambacho hamjakishika kwa mkono.

Ufaransa yenyewe haikuwa na muda wa kuomboleza sana, mwezi uleule walikuwa na uchaguzi wa rais, Clemenceau akakosa kiti, Deschanel akakipata tarehe 17, magazeti yakaenda huko. Familia zikaenda mahakamani na mambo yakavutwa miaka, kampuni haikubebeshwa lawama. Kanisa kuu la Dakar ambalo askofu Jalabert alikuwa anahangaika kulitafutia pesa likakamilika bila yeye, likawekwa wakfu 1936. Wale tirailleurs wakabaki zaidi kama idadi. Abiria wa daraja la kwanza wana picha na barua na wajukuu wanaoandika habari zao, vijana waliolala kule chini ya deki wengi wao ni jina lililoandikwa kwa kubahatisha na karani wa jeshi. Naona kuna watu Ufaransa na Senegal wanaofukua daftari hizo kijiji kwa kijiji, na kama una babu wa babu kutoka upande ule aliyeenda vita akasemekana alipotelea baharini wakati anarudi, tafuta orodha ya Afrique ya Januari 1920 kabla hujatafuta kwingine.