Mahindi ya Julai na Mahindi ya Januari: Hesabu ya Mkulima Mdogo Baada ya Mavuno

Kila mwaka ifikapo Juni na Julai, vijiji vya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Njombe na Ruvuma hadi Songwe na Rukwa, hupokea wageni wale wale: lori, dalali wa hapo hapo kijijini anayejua nani ana mzigo na nani anadaiwa, na vijana wenye sindano ndefu za kushonea magunia. Gunia linalopaswa kubeba kilo 100 hujazwa hadi mdomoni na kudundishwa chini ili mahindi yashuke. Kisha hujazwa tena, na juu yake huongezwa kipande cha gunia jingine ambacho hushonwa kwa kamba mpaka gunia likawa kama limevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei waliyoafikiana ni ya gunia moja, na gunia hilo moja sasa lina kilo 115, 120, na pengine zaidi.

Elimu nyingi tunayoitoa kwa wakulima huishia shambani: mbegu bora, nafasi ya kupandia, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, palizi kwa wakati. Elimu hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, kwa mkulima wa ekari mbili au tatu, sehemu kubwa ya kipato cha mwaka mzima huamuliwa katika wiki chache baada ya kupukuchua, na katika wiki hizo ndipo anapokuwa peke yake, bila bwana shamba wala mzani. Makala haya yanahusu wiki hizo. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, zimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi kufuatilia, na msomaji aweke bei za soko lake mwenyewe.

Tuanze na kilemba. Tuseme bei ya Julai ni shilingi 500 kwa kilo, yaani 50,000 kwa gunia la kilo 100. Mkulima anayetoa lumbesa ya kilo 120 kwa 50,000 hiyo hiyo ameuza kila kilo kwa takriban shilingi 417, na kwa kila gunia ameacha shilingi 10,000 kwenye lori. Akiuza magunia 12, ameacha 120,000. Sheria ya Vipimo na kanuni zake zinakataza mazao kufungashwa katika gunia linalozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hufanya ukaguzi mara kwa mara, lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila uwanja wa nyumba. Kenya nayo ilitunga kanuni mwaka 2019 zinazotaka viazi vifungashwe kwa kilo 50, na wakulima wa huko wanajua jinsi ilivyo vigumu kanuni kushinda mazoea. Kinachofanya kazi vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni mzani wa pamoja: kaya kumi au ishirini zinachanga, zinanunua mzani mmoja uliohakikiwa, na zinakubaliana kwamba hakuna atakayetaja bei ya gunia, bali bei ya kilo. Mnunuzi akikataa kijiji kizima, ana gharama ya kurudi na lori tupu, na akikataliwa na mkulima mmoja tu, hana hasara yoyote.

Hoja ya pili ya mnunuzi ni unyevu, na hapa tukubali kwamba mara nyingi ana haki. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyovunwa mapema na kuanikwa siku mbili yanaweza kuwa na asilimia 18. Kilo 100 za mahindi hayo zikikauka hadi 13.5 zinabaki kilo 94.8, kwa kuwa kilo 5.2 zilikuwa maji. Mnunuzi akitaka kukata kilo tano kwa kila gunia kwa sababu hiyo, anafanya hesabu sahihi. Akikata kumi, au akikata bila kuwa na kipima unyevu mkononi, huyo anapiga ramli, na mkulima aliyeanika vizuri juu ya turubai analipa kwa ajili ya jirani aliyeanika ardhini.

Swali gumu zaidi ni lini kuuza. Ushauri unaosikika kila msimu ni kwamba mkulima asiuze wakati wa mavuno, angoje bei ipande. Ushauri huu hutolewa kwa sauti ya kukaripia, kana kwamba anayeuza Julai hajui kwamba Januari mahindi huwa ghali. Anajua sana. Tufanye hesabu yake.

Tuseme Julai bei ni 500 kwa kilo na Januari ni 800. Magunia mawili ya kilo 100 yanampa shilingi 100,000 leo au 160,000 miezi sita baadaye. Lakini leo anahitaji hiyo 100,000: mtoto anaanza muhula, na fundi wa mashine ya kupukuchua anasubiri malipo. Akiamua kuyaweka mahindi na kukopa fedha hiyo kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 10 kwa mwezi, ile mikopo inayoitwa kausha damu, basi Januari atadaiwa 160,000. Mahindi yamepanda bei kwa asilimia 60 na deni nalo limepanda kwa asilimia 60. Akitoa gharama ya mifuko ya kuhifadhia, tuseme 10,000, amefanya kazi ya ulinzi wa ghala kwa miezi sita na kulipia nafasi hiyo. Kwa riba ya namna hiyo, anayeuza Julai amepiga hesabu sawasawa, na sisi wataalamu ndio tuliokosea kumwita mvivu wa kufikiri.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu. Badala ya mkopeshaji huyo, awe na kikundi cha kuweka na kukopa kinachotoza asilimia 3 kwa mwezi kwa kiasi alichokopa. Deni la Januari litakuwa 118,000. Akiuza kwa 160,000, akalipa deni na mifuko, anabaki na 32,000 ambazo asingezipata Julai. Mahindi ni yale yale na bei ni zile zile, na kilichoamua ni bei ya fedha, yaani riba. Ndiyo maana mtu anayetaka kuboresha soko la mahindi kijijini asianzie kwenye mahindi, aanzie kwenye mahali ambapo mkulima anapata shilingi laki moja mwezi wa saba. Mazao mengine yana majina yao kwa tatizo hilo hilo. Kule Kagera kahawa huuzwa ikiwa bado maua mtini, na watu huiita butura. Kule Mtwara na Lindi korosho zinazouzwa kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi zinajulikana kama kangomba. Majina ni tofauti, lakini nyuma ya yote yupo mtu mwenye njaa ya fedha taslimu kabla ya msimu wa bei.

Na kilemba hakiishi Julai. Kilo 120 zilizouzwa kwa uzito halali Julai ni shilingi 60,000, na Januari ni 96,000. Aliyengoja kwa uvumilivu wote huo, kisha akauza lumbesa kwa bei ya gunia la Januari, anapokea 80,000. Faida yake ya kungoja imeshuka kutoka 36,000 hadi 20,000, na hapo bado hajatoa gharama za kuhifadhi.

Kuna jambo jingine ambalo wahamasishaji wa kungoja hawalisemi vya kutosha: kuna miaka ambayo Januari haiji na bei yake. Mahindi ya vuli ya mikoa ya kaskazini huvunwa Januari na Februari, na yakiwa mengi hupunguza makali ya bei. Zaidi ya hapo ni maamuzi ya serikali. Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje mwaka 2011 na tena mwaka 2017, na msimu uliofuata uamuzi wa 2017, wakulima wa nyanda za juu waliojaza maghala wakingoja bei waliona ikiporomoka. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa ghafla mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, na ingawa ililegeza baada ya siku chache kwa masharti ya usajili na cheti cha vipimo, malori yalikwishapanga foleni mpakani. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hununua mahindi kwa ajili ya akiba ya nchi, na mwaka unaponunua kwa wingi bei ya kijiji huwa na sakafu. Mwaka usiponunua, au ukichelewa kulipa, sakafu hiyo haipo. Mkulima hawezi kuyatabiri haya yote. Anachoweza ni kutoliweka ghala lake lote juu ya dau moja.

Wapo wanaouliza kwa nini mahindi ya Sumbawanga yawe ya bei ndogo hivyo ilhali ni mazuri. Kuna historia hapa. Katika miaka ya 1970 serikali, kupitia Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Rukwa, aliye zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, alilipwa sawa na wa Morogoro, na gharama ya barabara ikabebwa na shirika. Kwa namna hiyo mikoa ya pembezoni kusini ikawa ghala la taifa. Shirika halikuweza kuubeba mzigo huo, na soko lilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, barabara ikarudi mgongoni mwa mkulima: bei yake leo ni bei ya soko kubwa la nafaka, kama Tandale ya Dar es Salaam au Kibaigwa ya Dodoma, ukitoa nauli ya lori, ushuru wa mazao na faida ya kila mkono uliopita katikati. Anayetaka kujua kama dalali anamwonea aanze na bei ya soko kubwa, ashuke nayo hadi kijijini kwa kutoa gharama moja baada ya nyingine. Mara nyingine atagundua kwamba dalali anachukua kidogo, na kwamba anayekula zaidi ni daraja lililobomoka.

Kungoja hakuna maana ikiwa mahindi hayatangoja. Dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, anaweza kugeuza gunia kuwa unga ndani ya miezi michache. Kwa kiasi kidogo cha mkulima mdogo, kinga inayolipa vizuri ni mifuko isiyopitisha hewa: mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, yote ndani ya gunia la kawaida. Kila mfuko hukamuliwa hewa na kufungwa peke yake kwa kamba, na wadudu waliomo huishiwa oksijeni na kufa bila dawa. Ila mfuko huo hausamehi unyevu. Mahindi mabichi yakifungiwa humo huota ukungu, na ukungu ndio mama wa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Asiye na kipima unyevu achukue chupa ya kioo iliyokauka, atie mahindi hadi theluthi moja pamoja na kijiko cha chumvi kavu, afunike na kutikisa kwa dakika kadhaa, kisha aiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi kwenye turubai. Isipoganda, yako chini ya 15, lakini bado hatujui kama yamefika 13.5, kwa hiyo siku moja au mbili za jua la ziada si hasara.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, ulikusudiwa kutibu tatizo la fedha na la kuhifadhi kwa pamoja: mkulima anaweka mzigo katika ghala lenye leseni, anapewa stakabadhi, na stakabadhi inaweza kuwa dhamana ya mkopo. Kwenye korosho umeshika mizizi, kwani karibu zote huuzwa nje na kwa mnada. Mahindi ni ya kuuza na ni ya ugali. Mwenye nayo hutaka kuyaona, kuyagusa, na kuchota debe moja usiku mgonjwa anapohitaji nauli ya kwenda hospitali. Ghala la ushirika lililo kilomita 20 mbali halimpi hilo, na mfumo wowote wa mahindi usiozingatia jambo hili utabaki wa wakulima wakubwa.

Kwa hiyo kabla ya dalali kubisha hodi, mahindi yagawanywe. Fungu la kwanza ni chakula hadi mavuno yajayo. Kaya ya watu sita inayokula ugali kila siku inaweza kumaliza magunia manne hadi sita. Fungu hili lisiuzwe kwa bei yoyote, kwa sababu anayeliuza Julai kwa gunia atalinunua Januari dukani kwa kisado, na kisado hakina bei ya jumla. Fungu la pili ni la kulipa madeni yenye riba kali, nalo liuzwe mapema bila kujuta. Linalobaki ndilo la kungoja, na lenyewe litoke kwa awamu: magunia kadhaa Novemba watu wanaponunua mbegu na mbolea, mengine Januari. Ifikapo Machi mahindi mabichi huanza kuonekana barabarani, na mifuko iliyobaki iwe imeshafunguliwa.